Nyaya Juu, Makaa Chini

Mwaka 1915, Robert Rich Sharp, mtafutaji madini wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, aligundua urani katika kilima cha Shinkolobwe, kilomita kama 20 magharibi mwa mji tunaouita leo Likasi, katika eneo la Katanga, Kongo. Mawe ya kilima kile yalichimbwa kwanza kwa ajili ya radiamu iliyotakiwa na hospitali za Ulaya. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo Staten Island, New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua, yakaingia katika mradi uliozaa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Baadhi ya mawe hayo yalikuwa na oksidi ya urani kwa asilimia 65, ilhali migodi mingi duniani haifikii hata asilimia moja. Ni vilima vichache mno vilivyobeba nishati nyingi kiasi hicho. Na bado familia zinazoishi kandokando ya Shinkolobwe hupikia kuni na makaa.

Maji ya Katanga yana historia inayofanana na ya mawe yake. Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kuzalisha umeme mwaka 1930, likafuatwa na Koni mwaka 1950. Kwenye Lualaba vikajengwa vituo vya Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956. Vyote vilijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba na kobalti, kikiwemo kile cha Shituru hapa Likasi. Mwaka 1982 ukakamilika mstari wa umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, zaidi ya kilomita 1,700, ambao nao ulikusudiwa kulisha migodi. Unapita juu ya vijiji vingi ambavyo havina hata balbu moja, katika nchi ambayo Mkongo mmoja tu kati ya watano hivi ndiye mwenye umeme nyumbani.

Tunapozungumzia miji endelevu, mara nyingi tunakimbilia swali la kuzalisha: bwawa jipya, paneli mpya, megawati ngapi. Kwa Likasi swali la kwanza ni jingine: nishati iliyopo tayari, ya mti na ya maji, inafika wapi, na inapofika inafanya kazi gani? Katika nchi tajiri, kuokoa nishati ni kupunguza matumizi. Kwetu ni kupata chakula zaidi kilichoiva, mwanga zaidi na joto la kutosha usiku wa Julai kutokana na kiasi kile kile. Tuanze jikoni, maana huko ndiko nishati nyingi ya nyumba inakokwenda.

Hesabu ya bukari

Chukua kilo 100 za kuni kavu za miombo. Katika tanuri la udongo la kawaida, porini, zitatoa makaa kama kilo 15. Makaa yana joto jingi kwa uzito wake kuliko kuni, lakini hata hivyo robo tatu ya nishati iliyokuwa ndani ya mti imeshapotea kama moshi na joto kabla gunia halijafungwa. Makaa yafike mitaa ya Kikula au Panda hapa Likasi, yatiwe kwenye mbabula, jiko letu la bati. Karibu moja ya tano tu ya joto lake huingia kwenye sufuria. Kilichobaki huipasha hewa ya uani. Zidisha hatua hizo mbili: kati ya sehemu 100 za nishati iliyokuwa ndani ya mti, 5 tu ndizo zinazosonga bukari, yaani ugali wetu.

Hesabu hii inaonyesha mahali pa kurekebisha. Mchomaji anayekausha kuni zake vizuri na kudhibiti hewa inayoingia tanurini anaweza kupata kilo 20 au zaidi badala ya 15. Jiko lililotandikwa udongo wa kuchomwa kwa ndani, kama lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, hupeleka karibu theluthi ya joto kwenye sufuria, hivyo magunia mawili yanafanya kazi ya matatu. Ukiunganisha yote mawili, zile sehemu 5 zinakuwa karibu 10. Chakula ni kile kile, ila miti inayokatwa ni nusu. Hakuna bwawa linaloweza kuleta mabadiliko hayo kwa gharama ndogo hivyo, na mafundi wa kulitengeneza jiko hilo wako mtaani.

Hatua inayofuata ni umeme wa maji, ambao hauna moshi. Sufuria ya umeme yenye mgandamizo, iliyofunikwa vizuri isipoteze joto, huivisha maharage kwa chini ya yuniti moja. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kitaifa unaotaka asilimia 80 ya watu wapikie nishati safi ifikapo 2034. Likasi, iliyo jirani na mabwawa yake, ina sababu kubwa zaidi ya kujiwekea lengo la namna hiyo.

Kwa nini jioni jiko halichemki

Kila mama wa Likasi mwenye umeme anaijua saa ambayo jiko linakuwa vuguvugu tu. Sababu ni ya kifizikia. Joto la jiko la umeme hufuata mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 160, joto halipungui kwa robo. Linashuka hadi karibu nusu. Chakula kinakaa motoni muda mrefu zaidi, majiko mengi yanabaki yamewashwa kwa wakati mmoja, waya mwembamba unabeba mkondo mkubwa, na umeme mwingi unaishia kuupasha moto waya wenyewe njiani. Transfoma inazidiwa, kisha inaungua, na mtaa mzima unarudi kwenye makaa.

Hapa mambo madogo yana nguvu kubwa. Balbu ya zamani hula wati 60. Ya LED hutoa mwanga ule ule kwa wati 9. Nyumba 1,000 zikibadilisha balbu tatu kila moja, mtaa unarudishiwa kilowati zaidi ya 150 saa ile ile ya jioni, zinazotosha kuwasha majiko 150 ya kilowati moja. Lakini anayelipa SNEL, shirika la umeme la taifa, kiasi kile kile kila mwezi, bila mita, haoni faida ya kubadilisha balbu wala kuzima taa ya nje mchana. Mita inamwezesha anayetumia vizuri kuona matunda ya juhudi yake, na inamfichulia mhandisi mahali umeme unapopotelea. Kwa hiyo mita, nyaya nene na transfoma za kutosha ni kazi ya uendelevu kama ilivyo paneli ya jua.

Kuta na jua

Matofali yetu mengi hutoka kwenye udongo wa vichuguu vikubwa vya mchwa, udongo mzuri sana, lakini huchomwa kwa magogo. Msitu unalipa mara mbili: kwa chakula, kisha kwa nyumba. Udongo huo huo, ukichanganywa na simenti kati ya asilimia 5 na 10, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha ukatunzwa kivulini na unyevu kwa wiki kadhaa, hutoa tofali imara lisilohitaji moto.

Namna ya kuielekeza nyumba ni bure kabisa. Likasi iko nyuzi 11 kusini mwa ikweta, juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na usiku ni baridi. Desemba linakuwa karibu utosini. Nyumba ndefu inayotazama kaskazini na kusini hupokea jua madirishani wakati wa baridi, na upenu mfupi unatosha kulizuia wakati wa joto. Ukuta wa magharibi uwe na madirisha machache. Chini ya mabati pawe na dari, maana bati peke yake huchoma mchana na kupoteza joto lote usiku.

Tahadhari ya Shinkolobwe

Ushauri wa kuziba nyufa ili nyumba isipoteze joto, unaotolewa sana Ulaya, hauwezi kuhamishiwa hapa hivi hivi. Mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa mwaka 1960, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wadogo walirudi kutafuta kobalti. Januari 2004 rais alipiga marufuku uchimbaji huo. Julai shimo likaporomoka na kuua watu, na Agosti kijiji cha wachimbaji hao kikabomolewa. Mawe yaliyobaki bado yana urani na radiamu, na kutokana nayo huvuja radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikijikusanya ndani ya nyumba iliyofungwa, huongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Kwa hiyo mawe na kifusi cha mgodi kisitumike kwenye msingi, sakafu wala barabara. Sakafu iwe ya zege isiyo na nyufa, na juu ya kuta pawe na matundu ya hewa yanayobaki wazi. Matundu hayo hutoa pia moshi wa mbabula na ile gesi ya makaa inayoua watu usingizini. Kabla ya kupanga viwanja upande huo, manispaa ipime mionzi kwanza, iweke mipaka, kisha iigawe ardhi iliyobaki.

Anayepaswa kuanza

Tangu sheria ya umeme ya Juni 2014, SNEL si mzalishaji na msambazaji pekee tena. Huko mashariki mwa Kongo, kituo cha umeme wa maji cha Matebe, cha karibu megawati 13, kilichofunguliwa Desemba 2015, kilijengwa ili watu wa Rutshuru na Goma wapate umeme, na msitu wa Virunga upumue. Kwetu, ukarabati wa Mwadingusha umelipiwa na wawekezaji wa mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula, na tangu 2021 mashine zake sita zinaweza kutoa megawati 78. Ni kazi njema. Mikataba ijayo ya namna hiyo iandikwe na sharti moja zaidi: kila bwawa likirekebishwa kwa ajili ya mgodi, mitaa ya karibu ipate transfoma, mita na majiko kwa mkataba huo huo, kwa tarehe zinazojulikana. Wakati huo huo manispaa iwafunze mafundi wa majiko na wa matofali yasiyochomwa, jambo lisilohitaji kumsubiri mwekezaji yeyote. Katanga imewapa wengine nishati kwa miongo mingi. Mpango wowote wa mji endelevu hapa upimwe kwa kiasi cha nishati hiyo kinachofika kwenye sufuria za watu wake.