Sumaku Kwenye Chuma Kilichoyeyuka

Fundi wa kuchomelea pale Kibara akiletewa shafti ya mashine ya kusaga iliyolika, haitupi. Anaijazia: anapitisha rodi mstari baada ya mstari, tabaka juu ya tabaka, mpaka unene uzidi ule wa awali, kisha shafti inakwenda kukerezwa irudi kipimo chake. Uchapishaji wa chuma kwa waya, yaani kujenga kitu kizima kwa tabaka za waya unaoyeyushwa, ni kazi hiyohiyo. Daraja la waenda kwa miguu lililofunguliwa Amsterdam mwaka 2021, urefu wake kama mita 12, lilijengwa hivyo na roboti zilizoshika mashine za kuchomelea.

Kazi hii ina msumbufu wake. Ukichomelea chuma kinene kwa umeme wa DC, ukafika ukingoni au kwenye kona, moto hukukimbia: unalala upande, cheche zinaruka, mshono unabaki na matundu. Fundi huhamisha klempu ya ethi, hufupisha moto, au hurudi kwenye mashine ya AC. Anapambana na sumaku. Umeme unaopita kwenye chuma huzaa uga wa sumaku, na uga huo ukisongamana upande mmoja husukuma moto upande wa pili.

Nguvu hiyohiyo sasa watafiti wanaiongoza kwa koili iende wanakotaka. Wengi hudhani sumaku huvuta chuma kilichoyeyuka. La. Chuma kikipita nyuzi 770 za Selsiasi hakivutwi tena kama msumari, nacho huyeyuka kwenye 1538. Kinachosukumwa ni umeme uliomo. Chuma cha majimaji kikitembea ndani ya uga tulivu, mkondo huzaliwa ndani yake na kupinga mwendo: breki isiyogusa kitu. Uga ukigeukageuka, kidimbwi cha chuma hicho hukorogwa. Kwangu hapo ndipo penye utamu, maana tabaka zikipoa zenyewe fuwele hukua ndefu kama mabua, na kipande kinakuwa imara upande mmoja kuliko mwingine. Kukoroga huvunja ncha za fuwele hizo, zikaota ndogondogo. Hata alumini na titani, zisizonasa sumaku, hutii.

Ugumu upo: kipande cha chuma kilichopoa huvuta uga kwake, na kila tabaka inayoongezeka hubadilisha njia yake.

Chuo cha ufundi kinaweza kuonyesha jinsi sumaku inavyosukuma moto kwa betri ya gari na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara mamia kwenye kipande cha nondo. Ncha ya nondo ikisogezwa karibu na moto wa DC, moto unainama. Nyaya za betri zikibadilishwa, unainamia upande wa pili.