MAKATO YA UZEENI: FARANGA ZAKO ZINAKWENDA WAPI?



Wengi wetu tunaokaa Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, hushuka mjini kila asubuhi kwenda kujenga, kuendesha magari, kulinda milango na kuuza madukani. Mwisho wa mwezi wengine hupewa karatasi ya mshahara iliyoandikwa INSS na hesabu iliyopunguzwa. Wengine hawapewi karatasi yoyote. Swali linalosikika sana ni hili: "Kwa nini wanatukata?" Ni swali la haki, lakini kuna la pili lililo kubwa zaidi: "Je, mwajiri naye ameweka sehemu yake, na sehemu zote mbili zimefika?"

NANI HULIPA, NA KIASI GANI?

INSS ni shirika la taifa la hifadhi ya jamii, lililoanzishwa mwaka 1962. Kazi yake ni kulipa pensheni za wazee, walemavu na warithi, pamoja na kuwaangalia wanaoumia kazini.

Chini ya sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1999, mchango wa pensheni katika miaka ya 2010 ulikuwa asilimia 10 ya mshahara. Mfanyakazi alitoa 4, mwajiri akatoa 6. Mshahara uliohesabiwa haukupita faranga 450,000 kwa mwezi. Tena mwajiri peke yake alilipa asilimia 3 kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini, na hapo mshahara uliohesabiwa haukupita faranga 80,000.

Mwaka 2020 nchi ilipata sheria mpya ya hifadhi ya jamii. Kwa hiyo ulizia ofisini INSS kiwango cha leo kabla ya kupiga hesabu yako mwenyewe. Hapa tunatumia viwango vile vya miaka ya 2010 ili kuonyesha jinsi hesabu inavyokwenda.

Tuseme mshahara wako ni faranga 200,000. Wewe unakatwa 8,000. Mwajiri anaongeza 12,000 kutoka mfukoni mwake. Kinachokwenda INSS kwa ajili ya uzee wako ni 20,000. Basi mwajiri asiyekuandikisha hakuachii faranga 8,000 kwa huruma. Anabaki na 12,000 ambazo ni haki yako. Sehemu yake si zawadi wala si mkopo. Ni malipo ya jasho lako yanayongoja uzee.

AKIBA NA PENSHENI SI KITU KIMOJA

Ndugu zetu wa nchi jirani wana mipango ya namna mbalimbali. Uganda, kwa sheria ya mwaka 1985, ina mfuko wa akiba: mfanyakazi hutoa asilimia 5 na mwajiri 10. Fedha hizo huandikwa kwa jina la mwanachama, huongezwa faida, naye huzichukua afikapo umri uliowekwa. Tanzania nayo ilianza na mfuko wa akiba mwaka 1964, kisha mwaka 1997 ikaugeuza kuwa mfuko wa pensheni.

Katika mfuko wa akiba, ulichoweka ndicho unachokikuta pamoja na faida yake. Aliyeweka miaka michache huchukua kidogo, lakini huchukua chake. Burundi tuko katika pensheni. Hapa kinachopima haki yako ni vitu viwili: miezi iliyolipiwa, na mshahara ulioandikwa. Kimoja kikipungua, uzee wako umepungua.

MIEZI 180

Kwa kanuni tunazozieleza, mtu alistaafu akiwa na miaka 60. Ili apate pensheni ya kila mwezi, alitakiwa awe na miezi 180 iliyolipiwa, yaani miaka 15. Hapo alipata asilimia 30 ya wastani wa mshahara wake wa miaka ya mwisho. Kila mwaka uliozidi hapo uliongeza asilimia 2. Mwenye miaka 20 alifikia asilimia 40, mwenye 25 akafikia 50.

Sasa mtazame mwashi aliyefanya kazi miaka 16 kwa mwajiri mmoja, lakini mwajiri akamwandikisha baada ya miaka miwili. Ana miezi 168. Amepungukiwa miezi 12 tu, na kwa miezi hiyo hapati pensheni ya kila mwezi. Hupewa malipo ya mara moja, basi. Jasho la miaka 16 limetoka, lakini karatasi inasema 14.

MSHAHARA WA UONGO

Kuna hila nyingine. Mwajiri anakulipa 150,000, lakini INSS anaandika 60,000. Anakwambia: "Nakusaidia, makato yatakuwa madogo." Kweli, badala ya kukatwa 6,000 unakatwa 2,400. Umebaki na 3,600 mkononi. Naye, badala ya kulipa 9,000 kwa ajili ya pensheni yako, analipa 3,600. Amebaki na 5,400.

Baada ya miaka 20 unastaafu kwa asilimia 40. Asilimia 40 ya 150,000 ni faranga 60,000 kwa mwezi. Asilimia 40 ya 60,000 ni 24,000. Tofauti ni 36,000 kila mwezi mpaka kufa. Umeuza 36,000 za uzeeni kwa 3,600 za leo. Na ukifa, mjane na watoto wako nao watahesabiwa kwa mshahara ule ule wa uongo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, dai karatasi ya mshahara kila mwezi, uitunze nyumbani pamoja na mkataba wako. Usiitupe hata ukihama kazi.

Pili, jua namba yako ya uandikishaji INSS. Namba hiyo ni yako wewe, si ya mwajiri. Ukipata kazi mpya, mpe mwajiri mpya namba ile ile, ili miezi yako isigawanyike.

Tatu, nenda INSS uulize miezi mingapi imelipiwa na kwa mshahara gani. Usingoje miaka 60. Kosa la mwaka jana husahihishwa kwa urahisi. La miaka 20 iliyopita, mwajiri huenda amekufa au kampuni imefungwa.

Nne, ukiona pengo usiende peke yako kugombana na mwajiri. Mwone mjumbe wa chama kazini kwako, ukiwa na karatasi zako mkononi. Mtu mmoja akiuliza huambiwa ni mkorofi. Wafanyakazi wote wa karakana wakiuliza siku moja, mwajiri hufungua daftari.