Skuli ya Farm 17, Nachingwea: Historia Yake na Kadhia ya Jina Lake

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wamezoea skuli kubadilishwa majina. Iliyokuwa King George VI ilipewa jina la Patrice Lumumba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Skuli ya Serikali ya wasichana ikaitwa Ben Bella, kwa heshima ya kiongozi wa Algeria. Na Pemba ipo skuli ya Fidel Castro. Katika mfano wa Lumumba jambo lilikuwa wazi: jina la kwanza lilikuwa na mwenyewe, naye alipoondoka liliondoshwa. Bara, katika Mkoa wa Lindi, ipo skuli ya sekondari ya Serikali ambayo jina lake halina mwenyewe hata mmoja, nalo ni Farm 17, yaani shamba nambari kumi na saba.

Skuli hiyo ipo Nachingwea, katika nchi ambayo wenyeji wake wengi ni Wamwera. Ifahamike kwamba hadi mwaka 1995 Wilaya ya Nachingwea ilikuwa kubwa kuliko ilivyo leo, kwa kuwa Ruangwa nayo ilikuwa ndani yake. Hivyo mzee wa Ruangwa akitaja mambo ya Nachingwea ya zamani huwa anataja wilaya yake mwenyewe, na historia inayoelezwa hapa ni ya pande zote mbili, ingawa mpaka umezigawa.

Nambari hiyo ilitokana na njaa ya mafuta ya kula. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta, na mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kwamba karanga, au njugu nyasa kama zinavyoitwa Visiwani, zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulikuja kuangalia ardhi mwaka huo huo, ukarudi na mapendekezo ya mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, jumla zaidi ya ekari milioni tatu. Katika Tanganyika mahali palipochaguliwa palikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, na mwaka uliofuata mradi ulikabidhiwa shirika la umma la Uingereza lililoundwa kwa kazi hiyo.

Yaliyofuata yamesimuliwa mara nyingi, tena kwa kicheko, ijapokuwa wananchi waliohamishwa na vibarua waliong'oa visiki hawakuwa na sababu ya kucheka. Mashine zilizoletwa zilikuwa kuukuu na ziliharibika mbele ya mizizi. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama sakafu. Mvua hazikufuata hesabu za London. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani ya Lindi, na baadaye bandari ya Mtwara, ili kusafirisha karanga ambazo kwa sehemu kubwa hazikupatikana. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi mkubwa umekwisha, na kiasi cha pauni milioni 36 kilifutwa katika vitabu. Majaribio ya kilimo cha kiasi yaliendelea Nachingwea kwa miaka kadhaa. Reli ilikuja kung'olewa baada ya Uhuru, lakini majengo, barabara na nambari za mashamba zilibaki. (Karanga zenyewe hazikuikimbia nchi hiyo: mwaka 2009 watafiti wa Naliendele, Mtwara, walitoa mbegu mpya ya karanga wakaiita Nachingwea.)

Kwa mpimaji wa ardhi shamba halikuhitaji jina. Nambari ilimtosha, na nambari haikumuuliza mwenyeji kijito kile kinaitwaje wala kilima kile ni cha ukoo gani. Lau mambo yangekomea hapo, kulibadilisha jina la Farm 17 lingekuwa jambo jepesi kuliko lile la King George VI.

Mambo hayakukomea hapo. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 na kikaanza vita dhidi ya Wareno tarehe 25 Septemba 1964. Wapiganaji wake wa mwanzo nchini Tanzania walipokelewa Kongwa, nako pia ni katika ardhi ya mradi wa karanga. Kuanzia mwaka 1965 walipewa Nachingwea, karibu zaidi na Mto Ruvuma, na kambi yao kuu ya mafunzo ikawa Farm 17. Samora Machel aliiongoza kambi hiyo kabla ya kushika uongozi wa jeshi lote mwaka 1966, alipouawa Filipe Samuel Magaia. Mafunzo hayakuwa ya bunduki peke yake. Wapiganaji walilima chakula chao, walijifunza kusoma na kuandika, na watu wa makabila ambayo hayakuwahi kukaa pamoja walilazimika kuishi kama watu wa nyumba moja. Wanawake walipata mafunzo ya kijeshi pamoja na wanaume. Katika historia rasmi ya Msumbiji Nachingwea hutajwa kama mahali taifa lilipofinyangwa kabla halijapata ardhi yake. Tarehe 24 Mei 1975 Samora aliondoka Nachingwea, akavuka Ruvuma na kuipita nchi yake kutoka kaskazini hadi kusini, akafika mji mkuu kabla ya sherehe za uhuru za tarehe 25 Juni.

Haki inataka na upande wa pili utajwe. Katika miezi hiyo hiyo ya mwaka 1975, hapo hapo Nachingwea, FRELIMO iliwaweka hadharani mbele ya wapiganaji watu iliowahesabu kuwa wasaliti, miongoni mwao Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa chama hicho, naye alisomeshwa maungamo yake mbele ya umati. Wengi wao hawakurudi kwa jamaa zao. Kwa hiyo anayependekeza jina la ushindi liwekwe langoni mwa skuli ajue kwamba ardhi ile ina kumbukumbu za namna mbili.

Wapiganaji walipoondoka, mahali pale pakawa pa elimu, na wanafunzi wa leo wanakaa walipokuwa wakikaa askari. Hoja ya kulibadilisha jina inaeleweka. Ni jina la lugha ya kigeni, la mradi wa kikoloni ulioshindwa, na mtoto anayeulizwa maana yake hana cha kujibu ila nambari. Dar es Salaam barabara kuu iliyokuwa Independence Avenue ilipewa jina la Samora. Kwa nini asipewe skuli iliyosimama kambini kwake? Au kwa nini lisichukuliwe jina la wenyeji, ambao ardhi ilikuwa yao kabla ya trekta na kabla ya bunduki?

Hata hivyo hoja ya kulibakisha ina uzito zaidi. Wapiganaji hawakulibadilisha jina la mahali pale, wala wenyeji waliokuwa jirani zao. Jina la Farm 17 ndilo lililotumika kwa miaka kumi ya vita, na ndilo linalotajwa na wale waliopitia hapo. Neno hilo moja linabeba karanga, reli, kambi na skuli. Likiondolewa na kuwekwa jina la mtu mmoja, hata awe mtukufu, atakuwa amepewa yote yaliyotendwa na wengi. Kasoro ya jina ni kwamba halijielezi, na kasoro hiyo haiponi kwa kulifuta.

Upo pia upande wa utaratibu, ambao watumishi wa Serikali wataufahamu vyema. Jina la skuli si kibao cha langoni tu: limo katika usajili chini ya Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, na limo katika kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo huwatahini pia watoto wa Unguja na Pemba. Cheti hutaja skuli kwa jina lililokuwapo siku ya mtihani. Wazee waliosoma King George VI walibaki na vyeti vya jina hilo, na hakuna aliyewaambia wavichane. Lakini kila afisa anayepokea cheti cha namna hiyo sharti ajue kwamba skuli ni ile ile.

Kinachokosekana Nachingwea ni maelezo, nayo gharama yake ni ndogo: kibao cha maneno machache penye lango, chenye mwaka 1946, mwaka 1965 na mwaka 1975, kwa Kiswahili kwa ajili ya wanafunzi na kwa Kireno kwa ajili ya wageni wa kutoka Msumbiji.