Kulegeza saa za kazi si hisani ya mkubwa

SAA kumi na moja alfajiri mitaa ya Rongai, Kitengela na Githurai huwa tayari imeamka. Mama humwamsha mtoto ambaye angali na usingizi machoni, humkabidhi kwa yaya au jirani, kisha hukimbilia kituo cha matatu ili awe mezani pake katikati mwa jiji la Nairobi ifikapo saa mbili kamili. Akichelewa dakika 20 kwa sababu ya msongamano wa magari, ataandika barua ya kujieleza. Mwenzake aliyefika mapema na kushinda akisoma magazeti hataulizwa lolote.

Huo ndio mfumo tuliourithi: kupima kazi kwa kiti kilichokaliwa, wala si kwa kazi iliyotendeka. Mfumo unaopendekezwa badala yake huitwa kazi kwa saa nyumbufu, na jina hilo lafaa kuzingatiwa. Kitu kinachonyumbuka hupindika bila kuvunjika. Zipindikazo ni saa. Kazi yenyewe hubaki nzima. Hata hivyo, wasimamizi wengi wasikiapo neno hilo hudhani wanaombwa kibali cha uvivu.

Chimbuko la utaratibu huu halikuwa huruma. Mnamo 1967, kiwanda kimoja cha ndege huko Ottobrunn, karibu na jiji la Munich nchini Ujerumani, kilichoshwa na foleni za magari zilizotokea kwa kuwa wafanyakazi wote walitakiwa kuingia kwa wakati mmoja. Kikawaruhusu kuchagua saa ya kuanza na ya kumaliza. Fikra yenyewe ilikuwa imetolewa na mwanauchumi Christel Kammerer, aliyetaka akina mama wavutiwe kuingia katika ajira.

Utaratibu huo huendeshwa hivi. Ofisi huweka saa ambazo kila mtu sharti awepo, tuseme kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nje ya hapo, anayependa kuingia saa moja aingie na atoke mapema. Anayemfikisha mtoto shuleni kwanza aje saa nne na abaki hadi jioni. Jumla ya saa za wiki haipungui. Kuna pia wanaogawana nafasi moja ya kazi watu wawili, na wanaofanyia kazi nyumbani siku kadhaa za wiki.

Hapa Kenya, wengi waliujua utaratibu wa kufanyia kazi nyumbani kwa kulazimishwa. Kisa cha kwanza cha Covid-19 kilitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta alizitaka ofisi za umma na kampuni za kibinafsi kuwaruhusu wafanyakazi kuhudumu wakiwa nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Jambo lililosemwa kwa miaka mingi kuwa haliwezekani likawezekana ghafla. Lakini liliwezekana kwa wenye meza na kompyuta. Mlinzi wa lango, mfagizi na mpishi hawakuwa na kazi ya kubeba nyumbani.

Hapo ndipo suala la saa linapokutana na uongozi shirikishi, yaani uongozi unaojiuliza kabla ya kuamua: ni nani hayumo katika hesabu hii? Kiongozi wa aina hiyo haitishi mkutano saa saba mchana siku ya Ijumaa ilhali ana wafanyakazi Waislamu wanaokwenda msikitini. Hamwachi mfanyakazi kiziwi abahatishe maneno kwa kutazama midomo. Humtafutia mkalimani wa lugha ya ishara. Na wakati wa kupandisha watu vyeo ukifika, hawasahau wale wanaofanyia kazi nyumbani kwa sababu tu hawaoni wakipita ukumbini. Hatari hii ya mwisho ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwanamke anayepewa ruhusa ya kufika saa nne, kisha akanyimwa kila wadhifa kwa kuwa "hapatikani asubuhi", amepewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine.

Niruhusiwe kutoa mfano wa nilikowahi kufanya kazi zamani, katika chumba cha habari. Gazeti la kesho hukamilishwa usiku, na zamu ya usiku haipendwi na mtu. Mwenzetu mmoja alirejea kutoka likizo ya uzazi akakuta amepangiwa usiku mara mbili kwa wiki, sawa na sisi wengine. Alipolalamika, mkuu wa zamu alimwonyesha orodha: kila jina mara mbili, hakuna aliyependelewa. Sote tuliiona hoja hiyo kuwa ya haki, nami nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Kabla mwaka haujaisha aliacha kazi. Kurasa za makala zilikuwa zikifungwa alasiri, na angeweza kuzisanifu hizo huku mwingine akichukua habari za usiku. Hakuna aliyefikiria, kwa maana hakuna aliyemuuliza.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili na baba wiki mbili. Inaharamisha pia ubaguzi kwa misingi kama vile jinsia, ujauzito na ulemavu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na kumpa mama muda wa kufanya hivyo usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Ni wangapi wanaoujua muda huo na kuudai?

Uingereza imekwenda mbali zaidi. Tangu Aprili 2003 wazazi wa watoto wadogo walipata haki ya kuomba saa nyumbufu. Mnamo 2014 haki hiyo ikapanuliwa kwa wafanyakazi waliohudumu wiki 26, na tangu Aprili 2024 mfanyakazi anaweza kuomba kuanzia siku ya kwanza kazini. Mwajiri anaweza kukataa, ila kwa sababu za kibiashara zilizotajwa na sheria.

Kazi ya nyumbani nayo ina mitego yake. Haina kengele ya kufungia. Mkubwa hutuma ujumbe saa nne usiku akitarajia jibu, na gharama za umeme na intaneti humwangukia mfanyakazi. Ufaransa, kuanzia Januari 2017, iliyataka makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutojibu mawasiliano ya kazi nje ya saa rasmi.

Kwa msomaji anayekusudia kumwendea mwajiri wake, maneno ya mdomoni hayatoshi. Aandike barua yenye saa anazopendekeza, aeleze ni nani atakayepokea simu wakati hayupo na kazi yake itapimwa vipi, kisha aombe majaribio ya miezi mitatu. Mlinzi wa lango pia anaweza kuandika barua hiyo: hawezi kulinda akiwa nyumbani, lakini anaweza kuomba kubadilishana zamu na mwenzake na kupewa ratiba ya mwezi mzima mapema. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki mikononi mwa mwombaji.