Bela Lugosi: mwigizaji na lafudhi yake

Kwa mwigizaji wa sinema ya maneno, sauti ni chombo cha kazi sawa na uso, tena ni chombo kigumu zaidi kubadilishwa. Makala hii inaeleza maisha ya Bela Lugosi, mzaliwa wa Hungaria aliyepata sifa nchini Marekani mwaka 1931 kwa namna alivyotamka Kiingereza, na ambaye kazi yake ilisinyaa baadaye kutokana, kwa sehemu kubwa, na matamshi hayo hayo. Mara nyingi miaka yake ya mwisho husimuliwa kama kichekesho. Hapa itaangaliwa hasa kwa upande wa lugha, maana huko ndiko shida yake ilikoanzia.

Alizaliwa tarehe 20 Oktoba 1882 katika mji wa Lugos, uliokuwa wakati huo ndani ya ufalme wa Hungaria, na ambao leo huitwa Lugoj, katika nchi ya Romania. Jina la ukoo wake lilikuwa Blaskó. Jina la jukwaani alilitoa katika mji wake: Kihungari hutia kiambishi tamati -i kwenye jina la mahali ili kumtaja mtu wa hapo, kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa kiunganifu cha -a. Kwa hiyo Lugosi maana yake ni "wa Lugos". Aliacha shule angali mtoto, akafanya kazi za mikono migodini na kwenye reli, kisha akaingia katika vikundi vya maigizo vya mikoani. Mwaka 1913 alipokelewa katika jumba la taifa la maigizo mjini Budapest, ambako aghalabu alipewa nafasi ndogo. Vita vya 1914 vilipozuka alitumika katika jeshi la Austria-Hungaria, akajeruhiwa. Mwaka 1919, chini ya serikali ya kikomunisti ya Béla Kun, alikuwa mstari wa mbele kuunda chama cha waigizaji. Serikali hiyo ilipoanguka mwaka huo huo hakuwa na budi kukimbia. Alipitia Vienna na Berlin, akashuka New Orleans mwezi wa Desemba 1920. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1931.

Mtu huyu alifika Marekani akiwa na umri wa miaka 38 bila kujua Kiingereza. Mwaka 1922 alipewa nafasi kubwa katika mchezo mmoja wa New York, akaihifadhi kwa sauti tu, kama mwanafunzi wa chuo anavyohifadhi sura za Kurani kabla hajajua Kiarabu. Mwaka 1927 akachukua nafasi ya Dracula, kabaila anayetoka kaburini usiku kunyonya damu ya walio hai. (Mwambao watu wamesimuliana habari za mumiani, na Katanga habari za batumbula, lakini hao ni watu hai wanaoogopwa, ilhali Dracula ni maiti.) Mchezo ulionyeshwa mara 261 mjini New York.

Ni kitu gani hasa watazamaji walikisikia? Kihungari huweka mkazo katika silabi ya kwanza ya neno, daima, kama vile Kiswahili kinavyouweka katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tena irabu za Kihungari hutamkwa kwa ukamilifu hata pasipo mkazo. Kiingereza hakifanyi hivyo: mkazo wake huhamahama, na irabu zisizo na mkazo humezwa karibu zipotee. Mhungari anayesema Kiingereza kwa mwendo wa lugha yake huipa kila silabi haki yake, na neno linarefuka. Zaidi ya hayo Kihungari hakina sauti /w/, ambayo Wahungari wengi huigeuza /v/, na /r/ yake ni ya kimadende. Katika ofisi au dukani, matamshi hayo yangemtambulisha msemaji kuwa mgeni, basi. Katika kinywa cha maiti aliyelala kaburini kwa karne kadhaa, ule upole wa kila silabi ulitisha. Kasoro ikawa ustadi. Msemaji wa Kiswahili, ambaye naye hazoei kumeza irabu, hana haja ya kufundishwa jambo hili; anahitaji tu kujisikiliza anaposoma Kiingereza.

Mwaka 1931 kampuni ya Universal ilitoa filamu ya Dracula, chini ya uongozi wa Tod Browning. Lugosi alilipwa dola 500 kwa juma, kwa majuma saba: jumla dola 3,500. Filamu ilileta faida kubwa. Mwigizaji alibaki na hizo 3,500 na jina. Baada yake Universal ilikusudia kumtia katika Frankenstein. Nafasi hiyo ilikuwa ya jitu lisilosema, nayo ilimwendea Mwingereza Boris Karloff. Wapo wasemao kwamba Lugosi aliidharau kwa kuwa haina maneno. Wengine husema mwongozaji mpya, James Whale, ndiye aliyemtaka Karloff. Vyovyote iwavyo, mwaka 1932 Lugosi alitangazwa kuwa amefilisika, na mwaka huo huo akaonekana katika White Zombie, filamu ya gharama ndogo iliyopigwa kwa siku 11 hivi.

Yafaa kueleza filamu hizo zilivyofanya biashara. Majumba mengi ya sinema yalionyesha filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza ilikuwa ya kampuni kubwa. Ya pili ilikodishwa kwa bei maalumu isiyopanda hata watazamaji wakijaa. Kwa kuwa mapato yalijulikana mapema, faida ilitegemea kupunguza gharama tu: siku chache, mandhari zilizokwisha kutumiwa, na jina moja maarufu la kubandika kwenye bango. Kati ya 1941 na 1944 kampuni ya Monogram ilitengeneza filamu tisa za namna hiyo kwa jina la Lugosi. Lakini kila moja ilizidi kuwashawishi wenye studio kubwa kwamba huyu ni mtu wa filamu za bei ya chini. Mwaka 1939 aliigiza vizuri, pasipo jeneza wala joho, nafasi fupi ya afisa wa Kisovieti katika Ninotchka. Hakuna aliyelifuatilia jambo hilo.

Mkasa wa mwaka 1943 unastahili kuangaliwa zaidi. Akiwa na miaka sitini alikubali hatimaye kuwa jitu la Frankenstein. Safari hii jitu liliandikiwa maneno, na Lugosi aliyasema mbele ya kamera. Filamu ilipokamilika, wenye studio waliyakata yote, inasemekana kwa sababu sauti ile ya Kihungari iliwachekesha waliosikiliza. Pamoja na maneno ilikatwa habari kwamba jitu lilikuwa kipofu. Ndiyo maana katika filamu Lugosi anatembea amenyosha mikono mbele, na mtazamaji hajui kwa nini. Mwaka 1956, katika The Black Sleep, alipewa nafasi ya bubu.

Wakati huo mwili nao ulikuwa umechakaa. Maumivu ya mshipa wa paja, ambayo yeye aliyahusisha na majeraha ya vita, yalimwingiza katika matumizi ya morfini, kisha methadoni. Mwaka 1955 alijipeleka mwenyewe katika hospitali ya serikali huko Norwalk, California, akakaa miezi mitatu hivi, na hakuwaficha waandishi wa magazeti sababu yake. Wakati ule watu wa sinema hawakuyasema mambo hayo hadharani. Aliyempa kazi siku hizo ni Edward D. Wood, mtengenezaji asiye na fedha wala, kusema kweli, ufundi. Lugosi alifariki tarehe 16 Agosti 1956, akazikwa na joho la Dracula. Wood alikuwa na picha chache alizompiga bila hadithi maalumu. Akazitia katika Plan 9 from Outer Space, na mtu mwingine, aliyefunika uso kwa joho, akamalizia nafasi iliyobaki.

Warithi wake waliishtaki Universal kwa kuuza vitu vyenye sura yake. Mwaka 1979 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba haki ya mtu juu ya sura yake haikurithiwa, maadamu yeye mwenyewe hakuifanyia biashara hiyo alipokuwa hai. Mwaka 1984 jimbo hilo likatunga sheria inayowapa warithi haki hiyo. Mwaka 1995 tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi ilitolewa kwa Martin Landau, mzaliwa wa Brooklyn, aliyekuwa amejifunza lafudhi ya Kihungari ili aigize nafasi ya Lugosi mzee katika filamu Ed Wood.