Beringi za mapanga ya upepo hubeba mzigo mzito

MITAMBO 365 ya kuzalisha umeme kwa nguvu za upepo iliyoko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, huonekana kwa mbali kana kwamba kazi yake ni kuzunguka tu. Hata hivyo, kila panga lina kazi ya pili: kujigeuza kwenye shina lake kulingana na kasi ya upepo.

Mitambo hiyo, aina ya Vestas V52, ina rota yenye kipenyo cha mita 52. Upepo unapozidi kiwango kinachohitajika, mapanga hugeuzwa kidogo ili yapokee nguvu chache. Kasi ikipita mita 25 kwa sekunde, hugeuzwa kabisa na mtambo husimama.

Kinachowezesha hayo ni beringi, yaani pete mbili za chuma zenye vitufe kati yake, iliyofungwa pale panga linapoungana na kitovu.

Beringi hiyo hubeba mizigo mitatu kwa pamoja. Upepo hulisukuma panga nyuma. Uzito wa panga huvuta chini, na upande unaolemewa hubadilika kila mzunguko. Aidha, mzunguko wenyewe hulivuta panga nje mithili ya jiwe kwenye kombeo. Rota ikizunguka mara 26 kwa dakika, mabadiliko hayo hutokea zaidi ya mara 37,000 kwa siku.

Beringi ya gurudumu la gari huzunguka mfululizo na kusambaza grisi. Ya panga husogea nyuzi chache tu huku na huku. Vitufe husugua mahali pale pale, grisi husukumwa kando, na chuma hukwaruza chuma hadi vishimo na nyufa kutokea.

Katika mitambo mingi mikubwa ya kisasa, kila panga huweza kugeuzwa peke yake katika kila mzunguko, kwani upepo wa juu huwa mkali kuliko wa chini. Mbinu hiyo huupunguzia mnara na mapanga mzigo, lakini huiongezea beringi kazi.

Ndiposa mafundi huongeza grisi mara kwa mara, na baadhi ya mitambo hugeuza mapanga kwa upana zaidi mara moja moja ili grisi irudi mahali pake.

Kubadilisha beringi huhitaji winchi ya kuteremsha panga, na mitambo ya Loiyangalani ilifika huko baada ya barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis kukarabatiwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.