Kalamu, Daftari na Ndege wa Longisa

Usidhani kwamba sayansi ni kazi ya wenye makoti meupe kule Nairobi tu. Iko sayansi ambayo hata mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuifanya akitoka kuteka maji. Yaitwa sayansi ya wananchi. Watu wa kawaida huandika ndege, wanyama na mimea waliyoiona, kisha maandishi hayo hukusanywa na kutumiwa na wataalamu.

Kwetu Kenya jambo hili si geni. Chama kinachoitwa leo Nature Kenya kilianzishwa mwaka 1909. Mwaka 1989 kikatoka kitabu cha ramani za ndege wa Kenya, kazi ya Lewis na Pomeroy, kilichojaa orodha za watazamaji wengi. Shida ni kwamba miraba ya ramani zile ilikuwa mikubwa mno, kila upande kama kilomita 55. Mraba mmoja wapita Kaunti nzima ya Bomet! Ukiambiwa ndege fulani yumo humo, utamtafuta wapi?

Basi mwaka 2013 ukaanzishwa mradi mpya, Kenya Bird Map, ambao Makumbusho ya Kitaifa ni mmoja wa waanzilishi wake. Huu hutumia miraba midogo, kilomita tisa hivi kila upande. Mtazamaji huchagua mraba wake, hutembea kwa muda usiopungua saa mbili, na huandika kila aina ya ndege aliyemwona au kumsikia. Nasema kila aina. Hapo ndipo wengi wetu hushindwa, maana tunataka kuandika tai tu, na kunguru tunampita kama hatumjui.

Kumbe kunguru naye ana kazi. Ikiwa orodha ni kamili, hata ndege asiyeandikwa anatuambia jambo. Tuseme mraba wetu una orodha 20, na korongo mwenye taji yumo katika 15. Baada ya miaka kumi zikiandikwa 20 nyingine, naye yumo katika tatu tu, hapo hatuhitaji mzee wa kutuambia kwamba "zamani walikuwa wengi". Tumeshajua, tena kwa hesabu.

Sikumchagua korongo huyu bure. Sisi Wakipsigis twamwita kong'ony, na ziko koo za Kikalenjin ambazo yeye ndiye ndege wao. Tangu mwaka 2012 amewekwa duniani katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Hutaga kwenye vinamasi penye nyasi ndefu, mayai mawili au matatu hivi. Sasa kinamasi kikichimbiwa mifereji ili pandwe mboga au mikaratusi, atataga wapi? Juu ya paa la mabati? Watazamaji wengi hupenda kwenda Maasai Mara kwenye simba, na nchi yetu ya mashamba na chai wanaipitia kwa gari. Lakini Nyangores na Amala, mito inayoungana kuwa Mto Mara, hupita huku kwetu kwanza. Tusipoandika sisi, nani ataandika?

Kwa mimea kuna programu ya simu iitwayo iNaturalist, iliyoanza Marekani mwaka 2008. Unapiga picha, unaweka tarehe na mahali, na watu wengine wanakusaidia kuutambua mmea. Mmea uliopandwa na mtu lazima uonyeshwe kuwa umepandwa, la sivyo chai ingeonekana kama mmea wa porini wa Kericho! Na kiumbe aliye hatarini, mahali pake halisi hufichwa ili wawindaji wasipate njia. Nawe pia usitangaze kiota sokoni.

Shuleni simu ni marufuku, haidhuru, kalamu haijakatazwa. Tunaandika daftarini, orodha zitaingizwa likizoni.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotutoa jasho. Senetwet, ambao mkaa wake husafishia vibuyu vya mursik, sisi sote twaujua. Sinendet pia, ule mtambaazi wanaovishwa wanariadha wetu wakirudi na ushindi. Lakini uliza jina la Kiswahili, darasa zima kimya! Kwa hiyo daftari letu lina safu tatu za majina: la Kikipsigis, la Kiswahili, na la kisayansi. Safu ya katikati ina mapengo mengi, na hatujazi kwa kubuni. Nyanya yangu ametupa majina ya miti ambayo sijawahi kuiona kwa macho. Tumeyaandika pembeni, tukaongeza neno "ameambiwa", kwa sababu kusikia na kuona ni mambo mawili.

Daftari liko kabatini maktabani. Mwenye kuongeza aje na tarehe, saa na mahali.